Boti yako inakula mafuta kiasi gani kwa kila mwendo? Namna ya kupima mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho

Kuna siku tulikua tunarudi Kilindoni, hapa kisiwani Mafia, na wageni sita, jua limeshaanza kushuka, nikaangalia dumu nikaona mafuta yamebaki kidogo kuliko nilivyotegemea. Nikafanya kile ambacho kila mtu anafanya, nikapunguza moto wa mashine nusu nikiamini naokoa mafuta. Boti ikainua omo (mbele) juu, tezi (nyuma) likazama, tukaendelea hivyo hivyo taratibu huku nikiwaambia wageni wasiwe na wasiwasi. Mafuta yakaisha tukiwa tunaona kabisa watu wanatembea ufukweni. Tukatia nanga, tukakaa karibu saa nzima mpaka dau la wavuvi likatuvuta.

Iliniuma sana, na sio kwa sababu ya aibu. Ni kwa sababu nina watu ndani ya boti, na mimi nahodha sijui mashine yangu inakula nini. Baadae nilipokaa nikapima vizuri ndo nikagundua kwamba ile nusu moto niliyoweka ndo mwendo mbaya kuliko yote kwa boti yangu. Ningeacha ikimbie ningefika, na ningepunguza zaidi ya pale pia ningefika. Pale katikati ndo palipotumaliza.

Kwa hiyo naandika hapa namna ya kupima, hatua kwa hatua, kwa vifaa ambavyo mtu wa pwani anaweza kuvipata. Boti yangu ni ya faiba futi 23, mashine Yamaha Enduro 40, tu-stroki ya kabureta, zile za kuchanganya oili kwenye petroli. Namba nitakazotoa ni za boti hiyo, usizichukue ukazifanya zako. Chukua njia, namba utazipata mwenyewe.

Kwanza tuelewane tunapima nini

Watu wengi wanaulizana "mashine yako inakula lita ngapi kwa saa?" Swali sio baya lakini halikusaidii kufika. Mashine ikiwa silensa, yaani imewaka tu bila gia wala moto, inakula kidogo sana kwa saa, ila hujaenda popote. Unachotaka kujua ni lita moja inakupeleka umbali gani. Kwa hiyo unahitaji namba mbili kwa wakati mmoja, kasi ya boti na lita kwa saa, halafu unagawanya kasi kwa lita. Ukitumia noti (noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani mita 1,852) jibu linakuja kwa maili za bahari kwa lita. Mfano boti inakwenda noti 15 na inakula lita 12 kwa saa, 15 gawanya kwa 12 ni 1.25, kila lita inakupeleka maili moja na robo. Basi, hesabu yote ni hiyo, kazi iko kwenye kuzipata hizo namba mbili zikiwa za kweli.

Vifaa

GPS. Simu inatosha, programu nyingi za bure zinaonyesha kasi, weka kwenye noti halafu funga simu kwenye mfuko usioingia maji.

Mita ya RPM, yaani mizunguko ya mashine kwa dakika. Mashine nyingi za kuongoza kwa mpini wa mkono hazina. Kuna vile vimita vidogo vya dijitali ambavyo unazungusha waya wake juu ya waya wa plagi, vinahesabu cheche. Ukikifunga lazima ukiseti kulingana na mashine, tu-stroki kila plagi inatoa cheche moja kwa kila mzunguko, na mashine nyingi za fo-stroki za boti nazo zinatoa hivyo hivyo ingawa sio zote. Njia rahisi ya kukagua ni kuangalia ikiwa silensa, inatakiwa isome kama 1,000 na kidogo, ukiona inasoma 500 au 2,000 na zaidi ujue umeseti nusu au mara mbili. Usikisie RPM kwa sikio. Nimeendesha mashine miaka mingi na nilipofunga mita nikakuta kile nilichokua naita "elfu nne" ni 3,400.

Mizani ya kuning'iniza ya dijitali, zile za kupimia samaki, inayosoma kwa gramu 10. Hii ndo roho ya kipimo chetu. Kupima mafuta kwa macho kwenye dumu linalotikisika huwezi kupata kitu cha maana, na petroli inavimba kwa joto pia, nyuzi 10 zikiongezeka ujazo unaongezeka kama asilimia 1. Uzito haudanganyi.

Dumu dogo la lita 5 lenye kifuniko kizuri, hili ndo tangi la majaribio.

Koki ya njia tatu ya shaba, ya mafuta, pamoja na mpira wa mafuta wa ziada na klipu zake. Usitumie mpira wa maji, petroli inaulainisha halafu unapasuka. Kazi ya koki nitaieleza mbele, ila nasema mapema kwamba ukikosa koki hii utapoteza mafuta na muda na namba zako zitakua za kubahatisha.

Saa ya kuhesabia sekunde, daftari, penseli. Penseli na sio kalamu, maji ya chumvi yanafuta wino.

Na mtu wa pili. Usifanye peke yako hata siku moja, mmoja anashika usukani na kuangalia mbele, mwingine anasoma na kuandika.

Kujua uzito wa lita moja ya mafuta yako

Petroli inakua kama kilo 0.72 hadi 0.77 kwa lita, inategemea na mzigo ulioingia nchini na joto la siku hiyo. Na ya kwako kama ni ya tu-stroki ina oili ndani. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 maana yake mililita 20 za oili kwa kila lita, nusu lita kwa lita 25. Kwa hiyo pima mwenyewe, chukua jagi lenye alama, mimina lita 4 kamili za mchanganyiko wako ndani ya dumu tupu ambalo umeshalipima, pima tena. Mimi nilipata kilo 3.00 kwa lita 4, yaani 0.75 kwa lita. Andika hiyo namba ukurasa wa kwanza wa daftari.

Fanya hivyo nchi kavu, sehemu yenye upepo, hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa karibu. Dumu liwe chini wakati unamimina, lisiwe limening'inia wala ndani ya boti, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unajikusanya kwenye ngama, pale chini kabisa ndani ya boti, ukisubiri cheche.

Kufunga mpira na koki

Tangi kubwa linaingia upande mmoja wa koki, dumu la majaribio upande wa pili, na njia ya tatu inakwenda kwenye mashine kupitia ule mpira wa kubinya. Unaendesha kwa tangi kubwa mpaka mwendo umetulia, halafu unageuza koki kwenda kwenye dumu dogo na papo hapo mwenzako anabonyeza saa. Ukimaliza unarudisha koki kwenye tangi kubwa na saa inasimama. Kwa njia hii mafuta ya kuwasha, ya kupasha moto, ya kuongeza kasi na ya kugeuza boti hayaingii kwenye kipimo. Nilianza bila koki, nikawa nazima na kuwasha kila mara, na namba za mwendo ule ule zilikua zinapishana kwa theluthi nzima.

Kabla ya kutoka, binya mpira mpaka ujae, kagua kila klipu kama inavuja, na angalia kama kuna mapovu ya hewa. Mapovu yakiwepo uzito unaopima sio mafuta yaliyoingia kwenye mashine. Dumu la majaribio lazima liwe na tundu la kupumulia, bila hilo mashine itafyonza mpaka dumu lijikunje halafu izime. Hakikisha pia kile kimpira kinachozama ndani ya dumu kinafika chini kabisa.

Wenye mashine ya dizeli ya ndani wasome hapa vizuri. Dizeli ina mpira wa pili unaorudisha mafuta kwenye tangi, na yanayorudi yanaweza kua mengi kuliko yanayochomwa. Lazima na huo mpira wa kurudi uingie kwenye dumu lile lile la majaribio, ukiuacha urudi tangi kubwa utaandika mashine inakula mara mbili ya ukweli. Na RPM unaipata kwa ile mita ya mwanga, unabandika kipande cha stika inayong'aa kwenye puli halafu unamulika.

Mwenye fo-stroki mpya ya injekta anaweza kua na bahati, kompyuta ya mashine inajua imepuliza mafuta kiasi gani na skrini inamuonyesha lita kwa saa. Lakini usiiamini hivi hivi. Jaza tangi mpaka alama, tembea siku nzima, jaza tena mpaka alama ile ile, linganisha lita ulizojaza na zile skrini ilizohesabu. Kama skrini imesema 40 na wewe umejaza 44, basi kila namba yake izidishe kwa 1.1 au uiseti upya.

Kuchagua siku

Hapa ndo wengi wanaharibu. Bahari yetu haisimami. Kwenye pwani hii mkondo mkubwa unaelekea kaskazini mwaka mzima na wakati wa kusi unazidi nguvu, halafu ndani ya mlango kati ya Mafia na bara kuna maji kujaa na maji kutoka ambayo nayo yanabeba boti. Ukipima upande mmoja tu unapima boti pamoja na maji.

Chagua siku za maji mafu, ambazo maji hayajai wala kutoka sana, bamvua (maji makubwa) iache. Wakati wa maleleji kati ya kusi na kaskazi ni mzuri sana, na asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Mimi nilianza saa 12 na nusu, bahari shwari kama mafuta yamemwagwa juu yake, na kufika saa 4 ilishaanza kuchafuka nikaacha nikamalizia kesho yake. Usilazimishe. Namba za kwenye mawimbi zina faida yake ila sio za kuanzia.

Chini ya boti pawe safi. Kama ina majani na yale magamba makali yanayokata mikono, kwangua kwanza, ama ukiwa na moyo pima kabla na baada ya kukwangua uone mwenyewe, mimi nilifanya na nitakwambia matokeo chini.

Andika uzito uliobeba, watu wangapi, mafuta kiasi gani, vitu vimekaa wapi. Kila mtu akae pale pale mpaka mwisho, mtu mmoja akihama kutoka tezi kwenda omo kwenye boti ndogo kipimo kimeshabadilika.

Majaketi ya kuokolea mwilini, kamba ya kuzimia mashine mkononi mwa anayeendesha, na mtu wa nchi kavu anajua mko wapi na mnarudi saa ngapi.

Kupima kwenyewe

Pasha mashine kama dakika 10. Anza na RPM 1,000, halafu 1,500, 2,000, unapanda kwa 500 mpaka moto wote. Kila hatua fanya hivi:

Weka RPM kwenye namba, subiri mpaka kasi ya GPS itulie, kama nusu dakika. Mwendo wa katikati unachukua muda zaidi kutulia kwa sababu boti inahangaika kupanda, usiharakishe. Shika mwelekeo mmoja, lenga mnara au mnazi ulioko mbali.

Geuza koki, bonyeza saa. Mwendo wa kasi dakika 3 zinatosha. Mwendo wa chini nenda dakika 10, kwa sababu mafuta yanayotumika ni kidogo sana na kosa la gramu 10 kwenye mizani linakua kubwa.

Mwenzako asome kasi kila baada ya sekunde 30 aandike zote, usichukue ile kubwa inayopendeza.

Rudisha koki, simamisha saa, geuza boti, rudi kwenye mstari ule ule kwa RPM ile ile, rudia kwa muda ule ule. Kwenda na kurudi vyote viwili, hakuna mjadala hapo.

Sasa weka gia huru, chomoa dumu dogo, lining'inize kwenye mizani. Boti inayumba kidogo hata bahari ikiwa shwari, kwa hiyo soma mara tatu na chukua ya katikati. Mpira wote uwe umechomolewa, usiache kipande kinavuta dumu chini.

Nikuonyeshe moja ilivyokua. RPM 4,000, dumu kabla lilikua kilo 4.62. Kwenda dakika 3, GPS wastani noti 16.9. Kurudi dakika 3, noti 13.9. Dumu baada ya hapo kilo 3.72. Tofauti kilo 0.90, gawanya kwa 0.75 ni lita 1.2. Hiyo ni kwa dakika 6, kwa saa zidisha mara 10, lita 12 kwa saa. Kasi ni 16.9 jumlisha 13.9 gawanya kwa 2, noti 15.4. Na mkondo wa maji ulikua noti 1.5, umejua na hilo bure. 15.4 gawanya kwa 12 ni 1.28.

Kuna kosa moja naliona kila mahali na nataka ulielewe. Watu wanachukua umbali fulani, mfano boya mpaka boya, wanaenda na kurudi halafu wanagawanya umbali wote kwa muda wote. Haiko sawa kwa sababu ule upande wa kupingana na maji unakaa muda mrefu zaidi na unavuta jibu chini. Kwenye kasi kubwa kosa ni dogo, lakini boti ya noti 2.8 kwenye mkondo wa noti 1.5 inakwenda 4.3 na kurudi 1.3, kwa njia ya umbali utapata karibu noti 2 badala ya 2.8. Kwa hiyo muda sawa pande zote, au chukua wastani wa kasi mbili.

Namba za boti yangu

Watu wanne, mafuta nusu tangi, chini safi, bahari shwari:

RPM 1,000: noti 2.8, lita 1.6 kwa saa, maili 1.75 kwa lita
RPM 1,500: noti 3.9, lita 2.4, maili 1.63
RPM 2,000: noti 5.0, lita 3.7, maili 1.35
RPM 2,500: noti 6.0, lita 5.8, maili 1.03
RPM 3,000: noti 7.3, lita 8.4, maili 0.87
RPM 3,500: noti 11.0, lita 10.4, maili 1.06
RPM 4,000: noti 15.4, lita 12.0, maili 1.28
RPM 4,500: noti 18.2, lita 14.6, maili 1.25
RPM 5,000: noti 20.3, lita 17.6, maili 1.15
RPM 5,300, moto wote: noti 21.6, lita 20.2, maili 1.07

Angalia ile safu ya mwisho, usiangalie lita kwa saa. Inashuka mpaka 3,000, halafu inapanda tena, inafika kilele 4,000, inaanza kushuka. Sio kosa la kipimo, ndo tabia ya boti yoyote yenye chini bapa ya kuteleza.

Chini ya noti 6 hivi boti inalima maji, inakaa ndani yake na inayasukuma. Boti ikilima maji ina mwendo wake wa mwisho unaotokana na urefu wake. Chukua urefu wa sehemu inayogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.43 unapata noti. Yangu kama mita 7 inakuja 6.4. Ukitaka kupita hapo kwa kulima unajenga mlima wa maji mbele na boti inajaribu kuupanda huku tezi limezama shimoni. Hicho ndo kinundu, omo juu, huoni mbele, wimbi kubwa nyuma, mashine inalia na boti haiendi. Ukiongeza moto inavuka, inalala juu ya maji na kuteleza, na hapo ghafla kila lita inakupeleka mbali zaidi ingawa unakimbia mara mbili.

Sasa weka safari. Maili 20 kwa RPM 3,000 nachukua saa 2 na dakika 44 na lita 23. Kwa RPM 4,000 saa 1 na dakika 18 na lita 15.6. Lita 7 na zaidi zimekwenda kwa kutembea polepole. Lita ukiihesabu shilingi 3,000 hiyo ni zaidi ya elfu 22 kwa safari moja ya upande mmoja, na sisi wa visiwani tunajua lita inatufikia kwa bei gani. Wale wanaoweka moto wote nao wanapoteza, maili hizo hizo zinakula lita 18.7 ili kuokoa dakika 22.

Kwa hiyo mwenye boti kama hii ana mwendo wa aina mbili tu wa kuchagua, ama 2,000 kushuka chini ama 4,000 hadi 4,500. Katikati pita haraka, usikae.

Usiishie hapo, mzigo unabadilisha kila kitu

Nilirudia na watu 10. Kwa RPM 4,000 ile ile boti haikupanda vizuri, ilikwenda noti 9.5 na kula lita 14.5, maili 0.66 tu kwa lita. Yaani kinundu kimehamia pale pale palipokua pazuri. Ikabidi nifike 4,500 ndo ipande, noti 14 na lita 16.4, maili 0.85, na 5,000 ilitoa noti 16.8 kwa lita 18.9, maili 0.89. Nikishuka mpaka 2,000 napata noti 4.7 kwa lita 4.1, maili 1.15. Nahodha anayebandika namba moja kwenye usukani na kuifuata kila siku atadanganywa na hiyo namba siku ya mzigo mkubwa. Tengeneza angalau karatasi mbili, ya mzigo mwepesi na ya mzigo wa kawaida wa kazi yako. Mzigo usizidi ule boti ilioruhusiwa kubeba, kupima mafuta sio sababu ya kujaza watu.

Mkondo nao. Ile 2,000 inaonekana nzuri kwenye karatasi, maili 1.35. Lakini ukipingana na maji ya noti 1.5 unakwenda 3.5 kwa lita zile zile 3.7, inabaki 0.95. RPM 4,000 kwenye maji hayo hayo inakwenda 13.9, inabaki 1.16. Kwa hiyo maji yakiwa kinyume kwenda polepole sio kuokoa tena. Maji yakiwa upande wako ndo polepole inalipa sana. Ukiweza kusubiri maji yageuke, subiri, hakuna kifaa utakachonunua kitakachokupa faida kama hiyo.

Kwetu msimu wa papa potwe, yule papa mkubwa ambaye wageni wanaogelea naye, Oktoba mpaka Machi, tunafuata papa kwa mwendo mdogo kwa muda mrefu, na hapo mwendo wa chini unaamuliwa na usalama wa mnyama na wa waogeleaji, sio mafuta. Ila tu-stroki ikikaa chini muda mrefu plagi zinajaa oili, kwa hiyo ukishatoka mbali na watu na papa ipe moto dakika moja moja ijisafishe.

Kurekebisha, kitu kimoja kwa wakati

Ukishakua na karatasi yako ndo unaweza kujaribu mambo, na kila jaribio badilisha kitu kimoja tu halafu pima tena kwenye RPM mbili tatu, sio lazima zote.

Uzito. Nilihamisha dumu kubwa la mafuta na nanga kutoka tezi kwenda karibu na katikati, boti ikaanza kupanda kwenye RPM kama 300 chini ya mwanzo. Haikunigharimu hata shilingi.

Pini ya kulalia mashine. Mashine ikiwa imejibinua sana nje omo linaruka juu, ikiwa ndani sana omo linachimba maji. Jaribu kila tundu, andika.

Kukwangua. Boti ilikua imekaa majini wiki tano bila kutolewa, RPM 4,000 ilinipa noti 12.8 kwa lita 13.1. Baada ya kukwangua ndo hizo 15.4 kwa 12. Fanya hesabu ya mwezi mzima utoe boti nje mwenyewe bila kuambiwa.

Propela. Moto wote ukiwa na mzigo wako wa kawaida mashine lazima ifike ndani ya RPM zilizoandikwa kwenye kitabu chake, yangu ni 4,500 hadi 5,500. Haifiki, pichi (umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) ni kubwa mno, mashine inabeba mzigo inalemewa na mafuta yanapotea pamoja na maisha ya pistoni. Inapita, pichi ni ndogo. Inchi moja ya pichi inabadilisha kama RPM 150 hadi 200. Na propela iliyopinda ncha kwa kugonga mwamba ipeleke ikanyooshwe, usiseme inatembea tu.

Daftari la kila siku

Kipimo kikubwa unafanya mara moja, labda mara mbili kwa mwaka. Kila siku inatosha kuandika mistari michache: tarehe, watu, wapi na wapi, maili za GPS, RPM uliyokaa sana, lita ulizojaza, upepo na maji. Jioni gawanya maili kwa lita. Safari zile zile zinatoa namba zinazokaribiana, na siku ukiona imeshuka kwa asilimia 10 au zaidi na hali ya bahari ilikua ya kawaida, kuna kitu. Anza na rahisi: chini ya boti, propela kuna kamba ya nyavu imejizungusha, ngama imejaa maji hujaifua, mpira unavuja, plagi, chujio, halafu ndo kabureta. Mara mbili daftari limeniambia chujio linaziba kabla mashine haijaanza kukohoa.

Na mafuta ya kubeba ukipanga safari, tumia namba mbaya kuliko zote kwenye karatasi yako, usitumie nzuri. Mimi napanga kwa 0.66 nikiwa na watu 10, maana upepo ukigeuka na mawimbi yakija nitalazimika kukaa kwenye kinundu nitake nisitake. Maili 20 kwenda na 20 kurudi, 40 gawanya kwa 0.66 ni lita 61, naweka na theluthi yake juu, kama lita 80, dumu la akiba limefungwa peke yake na halifunguliwi kwa sababu yoyote kabla ya kuona ufukwe.

Dumu hilo nalo nalipima kwenye mizani kila asubuhi kabla ya kushusha boti.